Mzee anastaafu, karakana aiache kwa nani: tajiri, ushirika au mafundi wenyewe?

Mi nashika daftari la hesabu kwenye karakana moja ya injini za boti huku Kirumba, sio mbali na Mwaloni, huu mwaka wa tisa. Mzee wetu ana miaka 67, magoti yameshagoma, na tangu mwaka jana kila akikaa kwenye benchi pale nje anauliza swali lilelile, "nikitoka hapa hii kitu naiacha kwa nani?" Basi nimezunguka nalo, mawakili wawili, watu wa ushirika, TRA, mafundi wenyewe, na naandika nilichopata maana wazee wa namna hii Mwanza ni wengi tu, wa mashine za kusaga, wa mikate, wa kuchomelea mageti Nyakato, watoto wako Dar na Dodoma na hawana habari ya kurudi kushika grisi.

Kwanza ujue tulivyo maana ndo inafanya hesabu ikae ilivyokaa. Tuko 12 na mimi ndani, ukiacha kijana mmoja mgeni. Halafu kuna mambo ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, mbalamwezi ikishika taa haina kazi, mitumbwi inapumzika na injini zote zinaletwa kwetu kwa mkupuo, unakuta kumi na tano zimepangwa ukutani na pipa la maji la kujaribia halipoi asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo kazi tunaifanya mbalamwezi, hela tunaiona giza, na hapo katikati ni mali kauli tupu. Mtu wa nje akiangalia daftari langu atadhani tunafilisika kila baada ya wiki mbili.

Bei tuliyofikia ni milioni 84. Spea 31, mashine na vifaa 29, jina na wateja 24. Hiyo 24 mzee aliing'ang'ania sana na mi namuunga mkono, tajiri wa mitumbwi wa kisiwa cha Ukara hapiti karakana tatu za njiani kuja kwetu kwa sababu ya spana zetu. Madeni ya mali kauli tumeyaweka nje ya bei kabisa, nitarudi huko.

Njia ambazo hazinichukulii muda

Kumwachia mtoto. Kama yupo na anaipenda kazi, mpe, usisome zaidi. Wetu hawapo. Ila usifanye ile ya kumwandika mtoto aliye mbali ili "iwe ya familia" halafu mafundi ndo waendeshe, hapo unapata bosi wa kwenye simu anayeulizia hela kila Disemba.

Kufunga na kuuza kipande kipande. Hii ndo mbaya kuliko zote na ndo wazee wengi wanaishia nayo kwa sababu hawakuamua kitu mapema. Spea ukiuza kwa haraka unapewa bei ya kutupa, mashine ya kukerezea inaondoka kama chuma chakavu, na lile deni la mali kauli linakufa siku hiyohiyo, nani atakuja kulipa duka lililofungwa? Alafu unadaiwa pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukimwachisha mtu kazi aliyekaa mwaka na zaidi unamlipa kiinua mgongo, angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Shika hiyo namba tutaitumia baadae.

Tajiri mwenye hela mkononi

Alikuja mmoja, ana mitumbwi mingi, akataja milioni 95 taslimu. Mzee alinyamaza, mama, mke wake, ndo aliyesema "hela hiyo ni nyingi baba, usiikimbie". Na kweli ni nyingi, ni 11 zaidi ya ile tunayoongea na mafundi na inakuja siku moja sio kidogokidogo miaka sita, na sitaki kujifanya hilo ni dogo, milioni ya leo sio milioni ya mwaka wa sita.

Kwa hiyo nasema waziwazi, kama mzee anaumwa na anahitaji matibabu, au ana mkopo unamsumbua, au hana kitu kingine cha kumlisha, auze kwa tajiri. Asibebeshwe mzigo wa kuwafikiria mafundi wakati yeye mwenyewe anazama.

Kama hayuko kwenye hali hiyo basi aangalie mnunuzi ananunua nini. Huyu wetu anataka mahali pa kutengenezea injini zake. Sasa matajiri wengine ambao ni washindani wake pale ziwani wataleta injini zao kwake? Mbalamwezi mtumbwi gani utaanza kutengenezwa? Wateja wanahama ndani ya msimu mmoja, mafundi sita wanapunguzwa, na ile milioni 24 ya jina inayeyuka mikononi mwake. Hilo ni shida yake sio ya mzee, mtasema. Sawa. Ila mzee anaishi palepale Kirumba na wale mafundi anakutana nao msikitini.

Sasa mafundi wenyewe, na hapa ndo pana maneno

Watu wakisikia "wafanyakazi wanunue" wanadhani ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu au vinne tofauti na vinaachana mbali sana.

Ya kwanza, ushirika. Nilipolitaja hili neno kwenye kikao, fundi mkuu, mtu wa miaka 58, aliguna. Huku kwetu Usukumani ushirika una historia, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijikusanya mpaka chama chao kikuu cha Victoria kikasajiliwa 1955 chini ya Paul Bomani, kikawa jambo kubwa Afrika nzima, alafu 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, vikarudi miaka ya themanini na kilichofuata kila mzee wa hapa ana hadithi yake. Ndo maana ukisema ushirika mtu anaona mizani, makarani na hela ya pamba inayochelewa. Sio haki kwa ushirika wa watu 12 wa karakana lakini ndo hali ilivyo, na ukipuuza utapigiwa kura ya hapana na watu ambao hata hawajakusikiliza.

Ukiacha hayo, kwenye karatasi ushirika una mambo mazuri. Sheria Namba 6 ya 2013 ndo inaviongoza, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndo inasajili, na mwanachama mmoja ni kura moja hata kama mwenzako ana hisa mara kumi zaidi yako. Ukiondoka unarudishiwa hela ya hisa zako kwa utaratibu wa masharti ya chama, uanachama hauuzwi mtaani. Kwa watu wanaoogopa kwamba fundi mkuu atajilimbikizia, hii inawatuliza. Ubaya wake kwangu mi mshika daftari ni usimamizi, ripoti, ukaguzi, mikutano mikuu, Mrajis, yaani msajili wa vyama, ana mamlaka makubwa juu yenu, na kwa karakana ambayo mbalamwezi haina hata nafasi ya kula mchana nani ataandika mihtasari? Ni mimi. Kwa hiyo hapo naweza kuwa na upendeleo, mjue hivyo.

Ya pili, mafundi kununua hisa za mzee mmoja mmoja. Hii ndo kila mtu anaifikiria kwanza. Ina shida ambayo tuligundua kwa mwanasheria dakika ya tano, karakana yetu ni jina la biashara tu, ile ya kusajili BRELA unapewa cheti, na jina la biashara halina hisa. Hakuna cha kununua. Biashara ni mzee na mzee ni biashara, TIN yake, leseni yake, akifa kesho kila kitu kinaingia kwenye mirathi na tunasubiri msimamizi ateuliwe huku injini za watu ziko ndani. Wadogo wengi wako hivi na hawajui, nenda kaangalie cheti chako leo.

Na hata kama ingekuwa kampuni, angalia hela inavyopita. Fundi hana milioni saba mfukoni, atalipa kutokana na gawio. Kampuni ikipata faida ya 100 inalipa kodi ya 30 inabaki 70, ikigawa hiyo 70 kuna kodi ya zuio asilimia 10 inabaki 63, ndo fundi ampelekee mzee. Maana yake ili mzee apate milioni moja, karakana itengeneze faida kama milioni 1 na laki 5 na elfu 87. Kila mwezi. Nilipoandika hiyo ubaoni kijana wa spea akauliza "sasa hapo TRA naye ni mwenzetu?" watu wakacheka lakini swali lilikuwa la maana.

Ya tatu ndo tunayoelekea. Mafundi wanafungua kampuni mpya, tena ndogo tu, kila mtu hisa sawa, na hiyo kampuni ndo inanunua vitu vya mzee, spea, mashine, jina, kwa mkopo wa mzee mwenyewe. Deni ni la kampuni sio la fundi. Hela ya mzee haipiti kwenye gawio kwa hiyo yenyewe haikatwi ile 10 ya zuio, na spea ukishaziuza gharama yake inatolewa kwenye hesabu ya faida kabla ya kodi, vifaa navyo vinashuka thamani kihesabu mwaka hadi mwaka. Ukipiga hesabu ya kikatili kabisa, bila hizo nafuu, milioni moja ya mzee inahitaji faida ya milioni 1 na laki 4 na elfu 29 hivi. Tofauti na ile ya pili ni kama laki na nusu kwa mwezi, kwa miezi 72 ni milioni 11 na ushee. Sasa linganisha na lile pengo la tajiri wa 95. Mi nilikaa kimya kidogo nilipoona hizo namba mbili zinafanana. (Mzee naye ana kodi yake kwenye mauzo, hiyo ni ya kupitia TRA kabla ya kusaini sio baada.)

Tulivyopanga ni kwamba watu 12 kila mmoja anaweka milioni moja, hiyo 12 mzee anapewa siku ya kwanza, inabaki 72, milioni moja kila mwezi. Na hapa ndo nilimbishia wakili. Yeye aliandika "kila tarehe 30". Nikamwambia tarehe 30 ikiangukia mbalamwezi hatuna hata ya umeme, andika kila giza likiisha. Akaniangalia kama nimemwambia ramli. Lakini mzee aliielewa palepale, na kwa kuwa mwezi wa mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda, malipo 72 yanaisha kama miezi miwili kabla ya miaka sita kutimia, kwa hiyo anafaidi yeye.

Hiyo milioni moja ya kuanzia wengine hawana. Ndo turudi kwenye kiinua mgongo. Fundi mwenye mshahara wa msingi laki 3 na 90, ukigawa kwa siku 26 ni elfu 15 kwa siku, mara 7 mara miaka 10 ni milioni 1 na elfu 50. Yaani mzee akifunga biashara yake ili kampuni mpya ianze, wale wa zamani wanamdai karibu kiasi kilekile wanachotakiwa kuweka. Wakikubaliana kwa maandishi, kila mtu kwa sahihi yake na bila kulazimishwa, deni hilo linakuwa mchango. Sharti ni kwamba usimdanganye mtu, mwambie kwanza hii ni haki yako unaweza kuichukua taslimu. Wawili kwetu wamesema wanataka taslimu na ni sawa kabisa. Kumbuka tu kwamba hapo mzee haoni 12 nzima mkononi, ameshalipa deni lake nayo.

Ya nne ya Wazungu, mfuko wa wadhamini. Uingereza duka kubwa la John Lewis lilianza hivyo tangu 1929, hisa zinashikwa na mfuko kwa niaba ya wafanyakazi na hakuna mtu mwenye kipande chake cha kwenda nacho nyumbani. Mwaka 2014 wakaitungia sheria, mfuko ukishika zaidi ya nusu ya hisa muuzaji anapata nafuu ya kodi na wafanyakazi wanaweza kupewa bonasi hadi pauni 3,600 kwa mwaka bila kodi ya mapato. Mfuko unamlipa mwanzilishi kidogokidogo kutoka kwenye faida, ambayo ukiangalia vizuri ni hiyohiyo ya tatu yetu imevaa suti. Hapa kwetu sheria kama hiyo yenye nafuu kwa ajili ya wafanyakazi hatuna, kwa hiyo utakuwa unalipia wakili atengeneze kitu cha bei kubwa kwa karakana yenye pipa moja la maji. Pita.

Usipime kwa siku ya kusaini, pima kwa siku mtu anaondoka

Hili ndo nilitaka kusema tangu mwanzo. Siku ya kusaini kila njia ni nzuri, soda zinanunuliwa, picha zinapigwa. Mi niliziuliza njia zote swali moja tu: fundi mmoja akiacha kazi mwaka wa nne akaenda Geita kwenye migodi, au akafariki, hisa yake inaenda wapi?

Kampuni ya kawaida bila maandishi ya ziada, hisa ni mali yake kama ng'ombe wake. Inarithiwa. Baada ya miaka 15 nusu ya karakana ni ya wajane na watoto ambao hawajawahi kushika spana, wanadai gawio, na wanaofanya kazi wanaanza kujiona vibarua tena. Sheria ya Makampuni inataka kampuni binafsi iweke mipaka ya kuhamisha hisa, na kwenye kikomo cha wanahisa 50 wafanyakazi hawahesabiwi, lakini mipaka yenyewe inakuwaje mnaandika nyie. Wengi wanachukua memati, yaani katiba ya kampuni, ya kunakili kwa jamaa wa steshenari, ndo mwanzo wa kesi.

Ushirika hapa unashinda bila jasho, nimeshasema, anayeondoka anachukua chake uanachama unaisha. Mfuko wa wadhamini nao hauna tatizo maana huna cha kudai, ila na wewe fundi uliyejenga miaka 20 unatoka na bonasi ya mwisho na mkono wa kwaheri. Marekani mpango wao ulianza 1956 na mwanasheria anaitwa Louis Kelso kwenye kampuni ya magazeti ya California, ukawekewa sheria 1974, na wao mtu akiondoka kampuni isiyo kwenye soko la hisa inalazimika kununua hisa zake. Nzuri kwake, lakini wazee watano wakistaafu mwaka mmoja kampuni inakamuliwa mpaka tone la mwisho, inabidi uweke akiba mapema. Na kuwa wamiliki hakukingi na soko, Mondragon ya Wabaski huko Hispania, mwaka huohuo 1956 ndo kiwanda chao cha kwanza, wakubwa sana leo, lakini 2013 kiwanda chao cha majokofu na majiko, Fagor, kilifilisika.

Kwa hiyo kwenye memati yetu nimelazimisha mistari hii iingie kwa Kiswahili cha kueleweka: hisa ni ya anayefanya kazi hapa, ukiondoka kwa sababu yoyote unawauzia waliobaki kwa bei ya hesabu ya mwaka uliopita, unalipwa ndani ya miezi 12, ukifariki warithi wanapewa hela sio hisa. Na asilimia kidogo ya faida inawekwa pembeni kwa ajili hiyo tu. Wakili kasema inawezekana. Fundi mkuu alisaini rasimu haraka kuliko wote, ana watoto saba, alisema afadhali wagombanie hela kuliko wagombanie injini.

Kinga ya mzee

Mzee ndo benki hapa na benki haikopeshi bila dhamana. Kiwanja kinabaki chake, kampuni inampangisha, kodi ya pango ni tofauti na ile milioni, na kampuni inakata zuio la asilimia 10 kwenye pango inapeleka TRA, msisahau hiyo. Mashine ni dhamana ya deni, isajiliwe BRELA. Mpaka malipo ya 72 yeye ni mkurugenzi na hakuna mkopo wa nje wala kuuza mashine bila sahihi yake, ila haruhusiwi kumpangia mtu kazi, hilo la mwisho lilimuuma kidogo. Magiza matatu mfululizo bila malipo anarudisha vitu vyake. Na mkataba usainiwe na mama pia, kwa sababu mzee akitangulia wanaolidai deni ni warithi na mama ndo atakayekuja na karatasi mkononi kuulizia, sitaki siku hiyo mtu aniambie hakuwepo kwenye makubaliano.

Yale madeni ya mali kauli ni milioni 19. Yanabaki ya mzee, mafundi wanayakusanya wanachukua moja ya kumi kwa kila shilingi inayoingia. Nikikadiria, nusu yake haitarudi. Kuna moja la 2016 mwenyewe alishahamia Kalemie huko Kongo.

Ningechagua tofauti lini? Mngekuwa watu 40 na hamjuani vizuri, ningeenda ushirika na kumlipa mtu wa kuandika ripoti. Mngekuwa watatu, mkataba wa ubia unatosha, msijisumbue. Na kama hakuna hata mmoja kati ya mafundi anayeweza kumwambia mwenzake "hii kazi umeharibu, rudia", basi muuzieni tajiri tu, maana hilo hakuna sheria inayoliweka kwenye memati.

Kikao kingine ni mbalamwezi hii inayokuja, jioni baada ya kazi. Limebaki la yule kijana kutoka Ukerewe, hajamaliza mwaka, aingie kwenye hisa au asubiri. Mi nimesema asubiri mwaka utimie kama tulivyoandika. Mzee anasema aingie sasa hivi, kwa sababu zile injini mpya zisizochanganywa oili na petroli ni yeye peke yake anayezifungua bila kumpigia mtu simu.